Kwa Vinywa vya Mashahidi Wawili
Kumbukumbu la Torati 19:15



Wavuvi wetu wajua ya kuwa usiku wa giza taa za wenye kuvua dagaa hung'aa ziwani kama mji. Arudiye bandarini akifuata taa tu, aweza kupotea.

Rubani wa ndege naye, akiwa ndani ya wingu, haoni ziwa wala kilima. Huvitegemea vituo vya redio vilivyowekwa katika nchi. Kwanza husikiliza jina la kituo, lipigwalo kwa mlio mfupi na mrefu, apate kujua kwamba ndicho. Lakini kituo kimoja humwonyesha mstari tu. Yuko wapi juu ya mstari huo, hajui bado. Hutafuta shahidi wa pili: mstari wa kituo kingine, au kipimo cha umbali. Wapatanapo wawili hao, hapo ndipo alipo. Na kabla hajapapita mahali palipoamriwa, hana ruhusa kushuka chini ya kimo kilichoandikwa.

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1995 ndege ya Marekani ilikuwa ikishuka kati ya milima kuuendea mji wa Cali, nchi ya Kolombia. Marubani walikitaka kituo cha Rozo, kilicho karibu na mji. Wakaipa mashine herufi moja, R. Mashine ikachagua kituo kingine chenye herufi ile ile, Romeo, kilicho mbali, karibu na Bogotá. Ndege ikageukia mashariki, nao wakazidi kushuka. Walipotambua, wakageuza, lakini mlima ulikuwa mbele yao. Katika watu 163 walisalimika 4 tu.

Herufi ilikuwa moja. Mahali palikuwa pawili.

Ndugu zangu, nami naungama. Mama mmoja wa usharika wangu, mgonjwa, aliniambia kwamba mtu amemwombea kwa jina la Yesu na kumwagiza aache dawa. Nilisikia jina la Yesu, nikanyamaza; sikuuliza neno la pili. Baada ya miezi michache tulimzika.

Basi, walimu na wazee, tusitosheke na jina. Tuulize: Je, neno hili lapatana na Maandiko? Je, matunda yake ni uzima? Mashahidi wasipopatana, msishuke. Rubani mwenye shaka hupanda juu tena akaanza upya, wala si aibu kwake.

Bwana atupe masikio ya kusikia, na saburi ya kupima. Amin.