Mtoto Naye Anastahili Sauti ya Gwiji

Mwaka 1941, mjini New York, mwenye kampuni ndogo ya santuri aitwaye Moses Asch alimwita studio Huddie Ledbetter, yule ambaye wapenzi wa muziki wanamjua zaidi kwa jina la Lead Belly, wakatoa albamu ya nyimbo za michezo ya watoto. Watu walishtuka. Lead Belly alishafungwa Texas kwa kosa la kuua, akapata msamaha wa gavana mwaka 1925, na mwaka 1930 akarudi jela, safari hiyo Louisiana, kwa kumjeruhi mtu kwa kisu. Mtu wa namna hiyo anaachiwaje aimbie watoto?

Jibu limo kwenye santuri zenyewe. Sauti ni ileile aliyoimbia nyimbo za kazi na za jela, nzito, yenye mikwaruzo, wala hakuilainisha kwa kuwa msikilizaji ni mdogo. Gitaa lake la nyuzi 12 linanguruma, mapigo hayayumbi, na anatuonyesha jinsi watoto wa kwao walivyocheza. Nyimbo hizo alikua nazo mashambani Louisiana kabla hajakosana na sheria. Jela ilimla miaka mingi ya ujana wake, lakini hazina hiyo haikuigusa. Watoto wa New York walimpenda, naye akawa miongoni mwa waimbaji wao hadi alipofariki Desemba 1949.

Mimi nina wajukuu, na jambo hili linanigusa kwa sababu hiyo. Naamini mtoto hahitaji mwimbaji asiye na doa. Anahitaji mwimbaji wa kweli, aliyeonja maisha, anayemheshimu kiasi cha kumpa sauti yake yote.

Mfikirie Woody Guthrie. Alijulikana kwa nyimbo za wakulima wa Oklahoma waliofukuzwa na ukame na dhoruba za vumbi miaka ya 1930, wakahamia California kutafuta vibarua. Katikati ya miaka ya 1940 alikuwa akiishi Coney Island na mkewe Marjorie, mcheza dansi, pamoja na binti yao Cathy Ann. Mke akienda kazini, mara nyingi baba ndiye aliyeshinda na mtoto. Akaanza kutunga kutokana na aliyoyasikia kinywani mwa mtoto: maswali yasiyokwisha ya kwa nini na kwa nini, kuomba kupelekwa matembezi, habari za kuoga na kulala. Aliwaasa wazazi wasiwafanye watoto wajifanye wakubwa, ila wakubwa ndio wacheze kitoto.

Katika wimbo wake wa gari anatoa mngurumo wa injini kwa midomo yake mwenyewe. Niliuweka siku moja mbele ya mjukuu wangu wa miaka mitatu, asiyejua Kiingereza hata kidogo. Alisimama katikati ya sebule, akashika usukani wa hewani, akaanza kunguruma hadi mate yakamtoka, akanizunguka mimi na kiti changu. Wimbo ulipokwisha akanishika goti: “Babu, tena!”

Cathy Ann alifariki Februari 1947, siku chache tu baada ya kutimiza miaka minne, kwa moto uliozuka nyumbani kwao. Ninapozisikiliza nyimbo zile nikijua hilo, naelewa kwa nini hazina hata chembe ya kumdharau mtoto. Aliyezitunga alikuwa amekaa chini akamsikiliza binti yake vilivyo.

Pete Seeger alifika kwa watoto kwa njia nyingine kabisa. Kundi lake, The Weavers, lilivuma mwaka 1950 kwa wimbo wa Lead Belly, miezi michache baada ya mwenyewe kufariki bila kuonja matunda yake. Halafu zikaja tuhuma za ukomunisti, na milango ya redio, televisheni na kumbi kubwa ikafungwa. Seeger akachukua banjo yake akaenda shuleni, kwenye kambi za watoto na vyuoni. Mwaka 1953 akarekodi American Folk Songs for Children, akitegemea kitabu cha mama yake wa kambo, mtunzi wa muziki Ruth Crawford Seeger. Waliomnyima majukwaa hawakuona hatari yoyote katika watoto wa shule. Watoto wale wakakua, na miaka ya 1960 wengi wao walikuwa kwenye kumbi zake, wakiimba naye.

Hapa Afrika nampigia saluti marehemu Joseph Shabalala. Mwaka 2011, kundi lake la Ladysmith Black Mambazo lilikuwa limeshazunguka dunia, limeshaimba na Paul Simon katika albamu ya Graceland na limeshabeba tuzo za Grammy. Likatoa Songs from a Zulu Farm, albamu ya nyimbo za utotoni mwao mashambani, nyimbo za kuku, punda na mifugo mingine. Wanaume wazima waliimba habari za kuku kwa besi zilezile walizoimbia mbele ya wafalme.

Sasa turudi kwetu. Mwishoni mwa mwaka jana nilialikwa kwenye mahafali ya chekechea. Watoto wa miaka mitano walipangwa mistari, majoho yakiwaburuza, kofia zikiwateleza usoni. DJ akaweka wimbo unaopigwa baa, wenye maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, na watoto wakayaimba yote bila kukosea. Wazazi walishangilia huku wakirekodi kwa simu. Sikuwalaumu watoto, na kusema kweli hata walimu niliwaonea huruma, kwa maana kilichobaki kwenye flashi yao kilikuwa nyimbo za watoto zenye kinanda kimoja kisichobadilika na sauti iliyochujwa na kompyuta hadi utu ukaisha. Nawashukuru watengenezaji wa katuni za Ubongo Kids, ambao tangu 2014 wamewaonyesha watoto wetu kwamba hata hesabu inaimbika kwa Kiswahili. Lakini kazi hiyo haiwezi kuachiwa kikundi kimoja.

Nyimbo tunazo. Kuna za ukuti, za kuruka kamba, za kubembeleza, na zile za ndani ya ngano ambazo bibi alianzisha sisi tukaitikia. Waimbaji pia tulikuwa nao. Mbaraka Mwinshehe alituacha mwaka 1979, Marijani Rajab mwaka 1995, Remmy Ongala mwaka 2010, Bi Kidude mwaka 2013. Nyumbani kwangu nyimbo zao za mapenzi, za mawaidha na za msiba zinapigwa kila wiki, na wajukuu wanazisikia kwa mbali wakiwa kwenye michezo yao. Nawaza sauti ya Marijani ikibembeleza mtoto alale, na moyo unaniuma.

Najua jibu la wenye studio: nyimbo za watoto haziuzi. Asch naye hakutajirika. Lakini kampuni ya Folkways, aliyoianzisha mwaka 1948, ilikuwa na msimamo wa kutoiondoa albamu sokoni kwa kuwa tu haiuzi sana, na Taasisi ya Smithsonian ilipoichukua mwaka 1987 iliuendeleza msimamo huo. Ndiyo maana mzazi wa leo anaweza kumsikilizisha mwanawe Lead Belly, zaidi ya miaka 70 tangu mzee yule azikwe. Wimbo wa mapenzi unaotamba leo, mwakani utaitwa wa zamani. Wimbo wa watoto kila mwaka unapata wasikilizaji wapya, maana kila mwaka watoto wanazaliwa.

Kwa hiyo nawaomba wakongwe wetu walio hai, wa dansi na wa taarabu, wa Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa: ingieni studio na bendi kamili, solo, rithimu, besi, tumba na saksafoni, mrekodi nyimbo mlizoimbiwa na bibi zenu, na msipunguze sauti. Redio nazo zizipige saa ambazo watoto wako macho. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee anayezikumbuka, mwekee simu mbele yake wikiendi hii umrekodi, kumbukumbu na pumzi zikiwa bado zipo.