Sauti Nne, Wimbo Mmoja



Thomas Tallis, aliyefariki mwaka 1585, alimwimbia Mungu katika kanisa la ikulu ya Uingereza chini ya wafalme wawili na malkia wawili. Wimbo wake mmoja mfupi watoka Yohana 14, pale Bwana asemapo kwamba wampendao watazishika amri zake. Aliutunga kwa Kiingereza, lugha ya watu wake, wapate kuyafahamu maneno. Waimbaji wanne watosha, bila kinanda. Hapo hapana pa kujificha: asiyemsikiliza mwenzake huuharibu wimbo wote.

Sisi tukaao chini ya Mlima Meru twapenda kwaya, na ni vema. Lakini tujiulize. Tumepata kusimama mstari mmoja na ndugu ambaye hatusalimiani naye. Sauti zikapatana, mioyo ikakataa. Hata sisi wazee tuliofundisha watoto do, re, mi tumefanya hivyo. Mtume Paulo ataka tuimbe kwa roho na kwa akili (1 Kor. 14:15). Akili yatuambia amri hiyo ni kupendana.

Basi Jumapili hii, kabla ya kuvaa joho, tumtafute ndugu huyo, tumpe mkono. Kisha tuimbe. Amina.