Mficha Uchi Hazai: Funzo kwa Anayesubiri Kupimwa Usonji

Namfahamu dada mmoja mzaliwa wa Tanga, anayefanya kazi ya uhasibu katika mji mmoja wa Uingereza. Ameniruhusu nisimulie yaliyompata kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Aliyoyafanya hayakutokana na ujinga. Ni kosa la mtu mwenye akili na bidii aliyeshikwa na hofu, na kwa kosa la namna hiyo hakuna wa kujitoa, nami nikiwamo.

Mambo yalianza mwanawe alipogunduliwa kuwa na usonji. Kila swali aliloulizwa kuhusu mtoto, alijiona yeye mwenyewe ndani yake. Mambo kama hayo huwatokea wazazi wengi. Tangu Leo Kanner aandike mwaka 1943 juu ya watoto 11 aliowachunguza Marekani, usonji ulichukuliwa kwa muda mrefu kuwa jambo la watoto. Watu wazima wengi walipitwa, hasa wanawake waliojifunza mapema kujifunika: kucheka wenzao wanapocheka, kumtazama mtu usoni hata kama inawaumiza, na kuandaa mazungumzo kichwani kabla ya kufungua mdomo.

Daktari wake wa familia alimsikiliza, akamwandikia rufaa kwa wataalamu. Mwongozo wa huko unataka uchunguzi uanze ndani ya miezi 3, lakini foleni ni ndefu, na wengi hupitisha mwaka wakisubiri. Katika kusubiri huko ndiko hofu ilikopata nafasi ya kuota mizizi.

Dalili ya kwanza ilikuwa simu ya usiku. Kuna dodoso la maswali 50 lililotungwa na watafiti wa Cambridge mwaka 2001, ambalo mtu hujijazia mwenyewe. Kazi yake ni kuonyesha kama kuna haja ya uchunguzi, basi, halitoi hukumu. Dada yetu alilijaza, akalirudia, akabadilisha majibu, akalijaza tena, mpaka adhana ya alfajiri ikaita kwenye simu hiyohiyo. Alijiambia kwamba anajielimisha.

Ya pili ilikuwa daftari. Aliandika maswali aliyoyakuta kwenye intaneti, akayatungia majibu, akayakariri. Aliwahi kusoma kwamba huenda ataombwa aonyeshe kwa vitendo jinsi ya kupiga mswaki, kana kwamba anamfundisha mtu. Basi usiku, watoto wakilala, alisimama mbele ya kioo cha bafuni na mkono mtupu, akafungua bomba lisilokuwepo, akasugua hewa, akasukutua, akaanza upya kwa sababu safari hii alisahau kifuniko cha dawa. Alijiambia kwamba anajiandaa.

Ya tatu ilikuwa tumbo. Chakula hakikushuka, vikao vya kina mama akaviacha, na mumewe akiuliza alijibiwa kwamba ni uchovu wa kazi.

Lakini dalili kubwa kuliko zote ilikuwa fomu. Kliniki ilimtumia karatasi za kujazwa na mtu aliyemjua akiwa mdogo. Sababu yake iko wazi: usonji huanza utotoni, na bila habari za utoto ni vigumu kwa mtaalamu kuutofautisha na wasiwasi au msongo uliomjia mtu ukubwani. Mama yake yuko Tanga, ni mzima, na kila Ijumaa humtumia salamu za sauti kwenye simu. Dada yetu aliandika kwenye fomu: "Mzazi hapatikani." Alichelea mama asije akasema mwanangu karogwa, au akajilaumu kwa malezi. Alijiambia kwamba anamkinga mama.

Tazameni jinsi kila dalili ilivyopewa jina zuri. Ndiyo maana nasema hatari hii ni yetu sote. Hofu ikija na sura ya hofu, tunaitambua. Ikija na sura ya bidii, tunaikaribisha na kuikirimu.

Siku ikafika. Hakuwa amelala, na tumboni hamkuwa na kitu ila kahawa. Taa ya dari ilivuma kama nyuki, ikamgonga kichwani tangu alipoketi. Mwanasaikolojia akamuuliza kama chumba kinamfaa. Akajibu, "Hakuna shida." Akaulizwa kuhusu marafiki, akajibu kwa ufasaha kutoka daftarini. Akaombwa aonyeshe jinsi ya kupiga mswaki, akaonyesha bila dosari, hata kifuniko hakukisahau.

Baadaye aliniambia aliogopa majibu yote mawili. Akiambiwa anao usonji, watu wangesema ni kichaa. Akiambiwa hana, angejiona mwongo aliyewapotezea watu muda. Kwa hiyo alikazana kujibu vizuri. Na kwa mtu aliyeishi miaka yote hiyo akijifunika, kujibu vizuri maana yake ni kujifunika zaidi.

Ripoti ilisema kwamba wasiwasi wake ni mkubwa, kwamba taarifa za utotoni hazitoshi, na kwamba wataalamu hawawezi kuthibitisha wala kukanusha. Aliombwa alete mtu anayeujua utoto wake, akarudi kwenye foleni.

Hapo ndipo alipompigia mama. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Wewe ulikuwa ukipanga vizibo vya soda kizingitini kwa rangi. Akikisogeza mtu kimoja, unalia mpaka Magharibi. Ngoma ya harusi ikipigwa jirani, tukutafute uvunguni, umeziba masikio." Yote yaliyokuwa yakitafutwa yalikuwa Tanga, kwa mtu ambaye fomu ilisema hapatikani.

Safari ya pili mama alizungumza na wataalamu kwa video kupitia mkalimani. Daftari lilibaki nyumbani. Dada yetu alikwenda na karatasi moja ya mambo yaliyomtokea kweli, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba taa ile izimwe. Ikazimwa. Mara hii alipata jibu lililo wazi, na jibu hilo ni lake.

Ndugu zangu, wahenga walisema mficha uchi hazai. Uchunguzi huu hauna kufaulu wala kufeli. Mtaalamu anataka kukuona ulivyo, pamoja na yale uliyozoea kuyafunika. Usiandae majibu, kusanya mifano. Likikutokea jambo kazini, sokoni au msikitini, liandike kama lilivyotokea. Iulize kliniki mapema: nitaonana na nani, itachukua muda gani, naruhusiwa kuja na mtu, naweza kupumzika katikati, naweza kujibu kwa maandishi? Uingereza, sheria ya usawa ya mwaka 2010 inawataka watoa huduma wafanye marekebisho ya namna hii, na mgonjwa anaweza kuomba mkalimani. Kuomba si kusumbua watu.

Jiwekee mpaka wa kusoma mambo haya kwenye simu, usiyapeleke kitandani. Siku yenyewe kula, na baada ya hapo usirudi kazini. Mtu hutoka mle amechoka kuliko anavyodhani. Mwambie walau mtu mmoja nyumbani unachosubiri.

Na kama usingizi umekata kwa majuma, au moyo unakwenda mbio bila sababu, mwone daktari sasa. Wasiwasi una tiba yake, majibu ya usonji yaje yatakavyokuja. Na ikiwa mawazo yamefika kwenye kujidhuru, omba msaada wa dharura siku hiyohiyo.

Kama barua ya kliniki imeshakufikia, mpigie leo aliyekulea, au shangazi, au kaka aliyekutangulia. Muulize ulikuwa mtoto wa namna gani, na jibu lake uliandike kwa maneno yake mwenyewe, usilipambe.