Kitambi cha Miaka Kumi, Dawa ya Wiki Tatu

Zone Industrielle ya Bujumbura huamka mapema. Jua halijachomoza vizuri, malori yameshapanga foleni kwenye mageti ya maghala, wapakizi wameshavua mashati, na akina mama wa chai na maandazi wameshapata wateja. Hapa ndipo mji unapohifadhi na kutengeneza vitu vyake: sabuni, mafuta ya kupikia, saruji, mabati, na bia ya Brarudi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1955 na ambayo Primus yake hufika hadi vilima vya mbali vya Burundi. Buyenzi na Ngagara ni majirani, bandari nayo haiko mbali. Mgeni akipita mchana, akaona migongo iliyolowa jasho, ataamini kwamba katika mitaa hii hakuna anayeweza kunenepa.

Mtunza stoo ninayemsimulia hapa alianza kazi akiwa mmoja wa wenye migongo hiyo. Jina lake silitaji, kwa sababu yaliyompata yanaweza kuwa ya wengi, na kila ghala lina mtu wa namna yake. Alikuwa kijana mwembamba, hodari wa kubeba magunia. Bosi akaona kwamba anajua kusoma, kuandika na kutunza hesabu, akampa daftari, funguo na kiti. Kuanzia siku hiyo mwili wake ukaacha kufanya kazi, lakini mdomo ukaendelea kula kama wa mpakizi: ugali wa muhogo uleule, maharage yenye mawese mengi, wali juu yake. Jioni aliongeza kitu ambacho zamani hakuwa na uwezo nacho. Akifunga stoo alipita kabare, yaani baa, pamoja na wenzake, chupa mbili za Primus, brosheti za mbuzi, ndizi za kukaanga.

Tufanye hesabu hapa, maana watu wengi hulaumu nyama. Chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72. Pombe iliyomo pamoja na wanga wake hutoa takribani kalori 300. Chupa mbili ni 600, kabla hujatafuna chochote. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori kama 7,700. Mtu anayekunywa chupa mbili kila jioni, juu ya chakula kinachomtosha, anajiongezea katika muda wa kama wiki mbili nguvu inayolingana na kilo nzima ya mafuta. Tena ini linapopokea pombe huishughulikia kwanza, na uchomaji wa mafuta unasubiri. Mbuzi wa kuchoma si mkosaji mkubwa katika meza ile. Mkosaji ni chupa, na baada ya chupa ni zile ndizi zilizoogelea kwenye mafuta.

Kitambi kilikuja polepole, na kilipokuja kilipokelewa kwa heshima. Wapakizi walianza kumwita Shefu. Shemeji zake walimsifu dada yao kwamba anamtunza mume. Sishangai. Burundi ni nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa lishe duni. Penye njaa ya kiasi hicho, tumbo lililotangulia mbele ni ushahidi kwamba nyumba ile chungu hakikauki. Kwa hiyo hakuna aliyemwambia neno. Miaka zaidi ya kumi ilipita bila hata mtu mmoja kumfunga mkono na kumpima shinikizo la damu.

Kilichomshtua ni suti. Mdogo wake wa kike alikuwa anaolewa, na kwa kuwa baba yao alikwishafariki, kiti cha baba kilikuwa chake. Alimpelekea fundi cherehani wa Buyenzi koti lake la zamani lipanuliwe. Fundi alizungusha futi kiunoni, akasoma, akarudia tena.

"Mzee, hii ni sentimita 114. Koti hili halina kitambaa cha kupanua kiasi hicho."

Zilibaki wiki tatu. Angeweza kushona suti mpya na kwenda harusini na tumbo lake kwa amani. Aliona aibu, akaamua tumbo liondoke.

Alipewa namba ya simu ya muuzaji wa dawa ya majani. Picha zilikuja kwenye simu: mtu mnene upande mmoja, mtu mwembamba upande wa pili. Kopo likaletwa, unga wa kukoroga kwenye maji ya moto asubuhi na jioni. Muuzaji aliapa kwamba ni majani matupu, hayana kemikali. Halafu mtunza stoo akaongeza maarifa yake mwenyewe. Ghalani kulikuwa na nailoni ya kufungia mizigo kwenye paleti, ile inayozungushwa mpaka bidhaa zinabana. Akajizungushia tumboni, akavaa shati la mikono mirefu juu, akawa anapanda na kushuka ngazi za ghala wakati wa mapumziko ya mchana, chini ya mabati, katika joto la Bujumbura. Chakula kikawa ndizi moja na chai. Maji aliyapunguza, kwa sababu aliona yanamrudishia uzito kwenye mizani ya magunia alikokuwa akijipima wapakizi wakishaondoka.

Wiki ya kwanza mizani ilimfurahisha sana, na hapo ndipo wengi hunaswa. Mwili huhifadhi akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na kama gramu tatu za maji. Mtu akijinyima chakula ghafla, akiba hiyo ndiyo hutumika kwanza, na maji yake hutoka kwenye mkojo. Ongeza jasho la nailoni na kuharisha kulikoletwa na ule unga. Kilo zilishuka kweli, lakini zilikuwa kilo za maji. Mkewe aliliona hilo kabla ya daktari yeyote.

"Baba watoto, uso ndio umekwisha. Tumbo liko palepale."

Hakumsikiliza. Nasikitika kila ninapofika hapa, kwa sababu mkewe alikuwa amesema kweli yote katika maneno machache. Mafuta ya tumboni hayatoki kwa kubanwa wala kwa kutolewa jasho. Wala hayatoki mahali unapopafanyisha mazoezi: mtu anayelala chini na kujikunja mara mia huimarisha misuli ya tumbo, lakini mafuta ya kuchoma huchotwa na damu kutoka mwili mzima. Na kuna mafuta ya aina mbili pale. Ya kwanza ni yale ya chini ya ngozi, unayoweza kuyashika kwa vidole. Ya pili hujificha ndani, yakizunguka utumbo na ini, na ndiyo yanayotishia maisha. Mwaka 1947 daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, alieleza kwamba wanene hawafanani: wale ambao unene wao hukaa sehemu ya juu na tumboni, kama wanaume wengi, ndio wanaoandamwa na kisukari na magonjwa ya moyo na mishipa. Tangu hapo uchunguzi mwingi umemuunga mkono.

Hatari ya kupunguza kwa haraka nayo si mpya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika viwanda vya silaha vya Ufaransa, wafanyakazi walioshika kemikali ya milipuko iitwayo dinitrofenoli walikonda, wakatokwa jasho, wakashikwa na homa kali, na baadhi yao wakafa. Miaka ya 1930 kemikali hiyohiyo ikauzwa Marekani kama dawa ya kukondesha. Ilikondesha kweli. Iliwapofusha watu kwa mtoto wa jicho, na wengine iliwachemsha kwa ndani mpaka wakafa. Ilikatazwa mwaka 1938, lakini hata karne hii bado kuna vijana waliokufa baada ya kuinunua kwenye intaneti.

Na ile nailoni? Mwishoni mwa 1997, vijana watatu wa vyuo vya Marekani, wanamieleka wenye afya na nguvu, walikufa mmoja baada ya mwingine katika muda wa kama mwezi mmoja. Walikuwa wakifanya mazoezi katika joto, wamevaa mavazi yasiyopitisha hewa, wamejinyima maji, ili waingie kwenye uzito wa chini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikisha miaka 23. Baada ya misiba hiyo mavazi yale yalipigwa marufuku katika mieleka ya vyuo.

Kuhusu makopo ya "majani matupu", mfano mmoja unatosha. Dawa ya sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba inawaongezea wagonjwa wa moyo hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Tangu wakati huo wakaguzi wa nchi mbalimbali wameikuta mara nyingi imefichwa ndani ya chai na vidonge vya kukondesha vinavyouzwa kwa jina la mitishamba. Hupandisha shinikizo la damu na kuharakisha moyo. Mtu ambaye shinikizo lake halijawahi kupimwa hajui anajiingiza katika nini.

Wiki ya pili haikuisha. Mtunza stoo alianguka mchana, kwenye ngazi, akiwa na daftari mkononi. Wapakizi walipomfungua shati wakaikuta nailoni, wakaikata kwa kisu cha kufungulia maboksi. Walimbeba mpaka barabarani, wakasimamisha gari la kwanza lililokubali.

"Mzee, umekunywa nini?" daktari aliuliza.

"Dawa ya majani, dokta."

"Majani gani?"

Hakujua. Mkewe alileta kopo. Halikuwa na orodha ya vilivyomo wala jina la kiwanda. Damu yake ilionyesha potasiamu imeshuka mno, hali ambayo huuvuruga mwendo wa moyo, na figo zake zilikuwa zimeumia kwa kukosa maji. Shinikizo la damu, baada ya maji kurudishwa mwilini, lilikuwa juu sana. Huenda lilikuwa hivyo kwa miaka. Siku ya harusi kiti cha baba alikikalia amu yake aliyeletwa kutoka kilimani kwa haraka. Yeye alikuwa kitandani na mrija mkononi.

Aliyoyafanya baadaye hayana mvuto wa kuuzwa kwenye kopo. Dawa za shinikizo alianza kuzimeza kila siku. Primus aliihamishia Jumapili, chupa moja. Hilo peke yake lilimwondolea zaidi ya nusu ya tatizo, na lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu kabareni ndiko marafiki waliko. Ilibidi ajifunze kukaa nao na chupa ya maji, na kuvumilia maneno. Maharage aliyaacha yatawale sahani, pamoja na lengalenga na sombe, ugali ukapungua. Mkewe aliacha kumimina mawese kwa jicho, akawa anapima kwa kijiko: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote kina kalori kama 120, na mkono usiopima humimina vitano bila kujua. Ndagala wa ziwani walibaki, samaki wa kuchoma alibaki. Hakulala na njaa.

Na alitembea. Bujumbura ni mji wa spoti. Jumamosi na Jumapili asubuhi utakutana na makundi yanayokimbia na kuimba. Mapenzi hayo yana mizizi, kwani hata mwaka 2014, mamlaka zilipozuia kukimbia kwa makundi mitaani kwa sababu za kisiasa na kuyaruhusu sehemu maalumu tu, watu hawakuacha kukimbia. Lakini daktari alimkataza kukimbia mwanzoni, akamwambia atembee. Uhaba wa petroli uliokuwa umeibana Burundi ulimsaidia kutimiza agizo hilo: foleni za basi zilikuwa ndefu mno, naye alikaa Kinama. Akawa anarudi nyumbani kwa miguu pamoja na mamia ya wengine, mwendo wa haraka, karibu saa nzima. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki. Yeye alizivuka kabla ya Alhamisi. Baadaye, alipopata ruhusa, akawa anashika gunia moja moja pamoja na wapakizi, ili misuli isiyeyuke.

Kupungua kulikuwa kwa nusu kilo kwa wiki, na wiki nyingine hakukuwa na kitu. Lakini mafuta ya ndani, yale ya hatari, ni mepesi kuitikia mabadiliko ya chakula na mwendo, hata kabla mizani haijasema jambo kubwa. Baada ya zaidi ya mwaka futi ya fundi ilisoma sentimita 99. Bado amezidi, maana urefu wake ni sentimita 172 na kiuno hakipaswi kuvuka nusu ya urefu wa mtu, yaani 86. Bado anatembea. Figo zake hazikurudi zilivyokuwa, na daktari anataka kumwona kila baada ya miezi mitatu.

Ndugu msomaji, chukua uzi unaolingana na urefu wako, ukunje katikati, uuzungushe kiunoni usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, nenda kituo cha afya ukapimwe shinikizo la damu na sukari. Fanya hivyo wiki hii, kabla hujampigia simu muuzaji wa kopo lolote.