Udongo Mbele ya Mfinyanzi

Je, kilichofinyangwa kina neno lolote mbele ya aliyekifinyanga? Familia zinazopanda Tukuyu, wilayani Rungwe, wakati wa kipupwe, likizo ya Juni, kuwaona babu na bibi kwenye mashamba ya migomba, chai na maparachichi, hulikuta swali hilo jikoni, katika chungu cha Kikisi kinachochemsha maharage. Chungu hicho asili yake ni Ikombe, kijiji cha Wakisi kando ya Ziwa Nyasa. Huvushwa kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo, Matema, kisha hupandishwa Kyela, Tukuyu na Mbeya.

Wafinyanzi ni wanawake, na hawatumii gurudumu. Udongo hukandwa, kuta zikapandishwa kwa vidole na kulainishwa, chungu kikakaushwa, halafu kikachomwa mahali pa wazi. Mikono ndiyo inayoamua umbo, lakini udongo nao una masharti yake. Maji yakizidi, kuta hulala. Jua likiwa kali mno, chungu hupasuka kabla ya kuona moto. Unyevu ukisalia ndani, moto hukivunja. Mfinyanzi hodari hujua udongo unataka nini, wala haulazimishi.

Dini zimeutumia sana mfano huu wa mfinyanzi na udongo. Kitabu cha Mwanzo humtoa mtu mavumbini. Kurani, katika Surat Ar-Rahman, husema aliumbwa kwa udongo mkavu kama wa vyungu. Isaya, na Paulo katika Waraka kwa Warumi, hukikataza chombo kumhoji aliyekifanya. Injili ya Wamoravian imehubiriwa Rungwe tangu 1891, na katika mahubiri mengi, hapa na kwingineko, mfano huishia hapo: mfiwa akiuliza kwa nini, huambiwa udongo hauulizi. Hilo ni jibu la kikatili, na Maandiko yenyewe hayalilazimishi.

Yeremia, sura ya 18, anaeleza jambo jingine. Nabii anashuka nyumbani kwa mfinyanzi. Chombo kinaharibika mkononi mwa mfinyanzi huyo, naye hakitupi, anaufinyanga udongo uleule upya. Maneno yanayofuata yanasema kwamba taifa likigeuka, Mungu naye huliacha baya alilokusudia. Basi uwezo wa mfinyanzi, kwa Yeremia, ni uwezo unaoitikia hali ya udongo. Ni kweli mfano una mpaka wake, kwa kuwa udongo hauumii na mtu huumia; lakini mpaka huo unazidi kumpa mtu haki ya kulia na kuuliza, kama Ayubu alivyouliza.

Wazazi wanaowaleta watoto Rungwe wasiishie kununua chungu barabarani. Wawashushe hadi ziwani, wakaione mikono ikiusikiliza udongo. Na mhubiri wa wilaya hii anayetaka kumfariji mfiwa kwa mfano wa mfinyanzi, aanzie Ikombe.