Mateka Aliyekuwa Akijibu Maswali

Wapo makamanda wanaoamini kwamba uasi ni nyoka: ponda kichwa, mkia utatapatapa kidogo kisha utulie. Na wasimuliwe yaliyotokea Maiduguri, kaskazini mashariki mwa Nigeria, Julai 2009.

Mwezi huo wafuasi wa Mohammed Yusuf, mhubiri wa kundi linalojulikana leo kama Boko Haram, walipambana na askari katika majimbo kadhaa, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 30 wanajeshi walimkamata Yusuf akiwa hai. Picha zake zipo hadi leo: kifua wazi, bendeji mkononi, anaulizwa na anajibu. Wanajeshi wakamkabidhi kwa polisi. Siku haikwisha kabla hajawa maiti yenye matundu ya risasi. Polisi walisema alijaribu kutoroka.

Mkwewe, Baba Fugu Mohammed, mzee aliyejipeleka mwenyewe polisi, naye aliuawa mikononi mwao. Vivyo hivyo Buji Foi, aliyewahi kuwa kamishna katika serikali ya jimbo la Borno na ambaye alitajwa kuwa mfadhili wa kundi. Hapo ndipo ninapotilia shaka. Mtu aliyejua nani alimpa nani fedha angefaa kizimbani kuliko kaburini, isipokuwa kwa wale ambao wangetajwa.

Yusuf hakuwa mtu wa kuonewa huruma, maana mahubiri yake yalishamwaga damu. Lakini kumpiga risasi mtu aliyekwisha kunyang'anywa silaha ni mauaji, awe nani. Kwa wafuasi wake, kifo kile kilithibitisha yote aliyowahubiria kuhusu serikali.

Abubakar Shekau, msaidizi wake, alidaiwa kuuawa pia. Julai 2010 akaibuka kwenye video, akajitangaza kiongozi na kuapa kulipiza kisasi. Septemba wapiganaji wakavunja gereza la Bauchi, wafungwa wapatao 700 wakatoka. Agosti 2011 gari la mabomu likalipua jengo la Umoja wa Mataifa mjini Abuja. Aprili 2014 wasichana 276 wakatekwa shuleni Chibok.

Mtu atanitajia Savimbi, kiongozi wa waasi. Ni kweli, aliuawa Angola Februari 22, 2002, na Aprili 4 majenerali wake wakasaini kusitisha vita. Ila Savimbi aliuawa vitani, jeshi lake likiwa hoi kwa njaa, na majenerali wake waliachwa hai, hivyo serikali ikapata watu wa kuzungumza nao.

Mimi natazama zaidi Peru. Polisi wa Lima walipekua takataka za nyumba moja yenye shule ya dansi, wakakuta vichungi vya sigara na tyubu za dawa ya ngozi, wakajua aliyejificha ni Abimael Guzmán, mkuu wa kundi la waasi la Sendero Luminoso. Septemba 12, 1992 wakamkamata bila kumuua. Mwaka uliofuata, kutoka gerezani, yeye mwenyewe aliomba mazungumzo ya amani, na wafuasi wake wakagawanyika: wa kumtii na wa kumkana.

Nigeria haikuwa tena na sauti kama hiyo. Kuwapata wasichana 21 wa Chibok Oktoba 2016, na wengine 82 Mei 2017, ilibidi serikali ipite kwa wapatanishi, na kwa ajili ya hao 82 iliwaachia makamanda wa kundi iliokuwa inawashikilia.