Nibofyee Hapo

Siku ya pili ya warsha, saa nane na nusu mchana, muda mfupi baada ya pilau, Dokta alinisogezea laptopu yake kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani aliyokwisha kushiba, akaninong'oneza: "Nibofyee hapo, mwanangu. Macho yangu hayaoni hivi vitu vidogo."

Macho yake yalikuwa yanaona. Asubuhi ile ile nilimkuta mapokezi akisoma gazeti bila miwani, ukurasa wa matangazo ya vifo, wenye herufi ndogo kuliko zote. Lakini huyu ni mtu niliyempa shikamoo tangu mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya kwanza. Nikabofya.

Warsha ilikuwa ya siku 3, katika hoteli moja Morogoro, kuwafundisha wahadhiri wa chuo chetu kutumia teknolojia darasani. Chuo chenyewe kiko Dar es Salaam na kina maabara ya kompyuta yenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Kwa nini Morogoro? Aliyewahi kuajiriwa nchi hii hahitaji maelezo: ukilala nje ya kituo chako cha kazi, posho inabadilika. Sisemi hivyo kwa kejeli. Posho yangu ya msaidizi wa kiufundi ililipa kodi ya chumba changu ya miezi miwili, na sikuirudisha.

Warsha hizi zina historia fupi. Machi 2020 serikali ilifunga vyuo kwa sababu ya korona, navyo vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Wengi tulikaa nyumbani tukingoja, kwa sababu mihadhara mingi ilikuwa kwenye daftari la mwalimu na kwenye kichwa chake, si mahali pengine. Aibu ile haikusahaulika. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa elimu ya juu ya Tanzania, mradi unaojulikana kama HEET, na mafunzo ya wahadhiri na matumizi ya teknolojia yamo ndani yake. Yetu ilikuwa warsha ndogo tu ya fedha za ndani, lakini wimbo ulikuwa ule ule: mhadhiri wa karne hii lazima aweze kuweka somo lake kwenye mfumo.

Mfumo tunaotumia ni Moodle, programu ya bure iliyoanza mwaka 2002 kwa kazi ya Martin Dougiamas wa Australia. Nimeutumia kama mwanafunzi kwa miaka mingi, na sasa nikiwa kwenye shahada ya uzamili nautumia pia kama kijakazi wa wahadhiri. Kazi yangu Morogoro ilikuwa kuzunguka kati ya meza. Mwezeshaji anasema mbele, "Sasa bofya pale pa kuongeza shughuli," halafu mikono inainuka, nami nakimbia. Kufikia saa tano ya siku ya kwanza nilikuwa nimekwisha kujua kwamba mkono ukiinuka mara nyingi hauulizi "nifanyeje?" Unasema "nifanyie."

Kupata cheti, kila mshiriki alitakiwa kujenga ukurasa wa somo lake, kuweka jaribio moja, na kujibu maswali 20 ya mwisho kuhusu aliyojifunza. Ukurasa wa Dokta niliujenga mimi. Maswali 20 niliyajibu mimi pia. Nilimpatia 17, nikakosea 3 kwa makusudi, ili ionekane ni mtu.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji ajue Dokta hufundisha nini. Hufundisha falsafa ya maadili. Yeye ndiye aliyenifundisha Aristotle mwaka wa pili, pale anaposema kwamba fadhila hazipatikani kwa kuambiwa. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na vivyo hivyo huwa mwadilifu kwa kutenda haki. Dokta aliondoa kinubi akaweka zeze. Mjenzi akamhamishia Mbagala, akampa mwiko na ndoo ya saruji. Darasa zima lilicheka, nami nikaandika pembeni mwa daftari: hakuna aliyekuwa fundi kwa kumtazama fundi. Daftari hilo bado ninalo. Halikunizuia kitu.

Kwa wiki kadhaa baadaye niliona nimetenda wema. Tumelelewa hivyo. Mkubwa hasimami ukakaa, mkubwa habebi mzigo ukamtazama, na bila shaka mkubwa haachwi ahangaike na kishale cha kipanya mbele ya vijana wa rika la wajukuu wake. Chumbani mle walikuwamo pia wahadhiri wasaidizi, baadhi yao aliwafundisha yeye. Wakimwona akishindwa, ataingiaje ofisini Jumatatu? Nilijiambia kwamba nimemsitiri.

Januari akanitumia picha kwa WhatsApp: karatasi yenye maswali 20 kwa mwandiko wake mzuri ule wa watu waliosomeshwa na wamisionari, na chini yake maelekezo. *Iwe Ijumaa. Dakika 40. Ifunguliwe saa 2:00. Ifungwe saa 12:00.* Nenosiri lake nilikuwa nalo tangu Morogoro. Nikaliingiza, nikaanza kazi.

Moodle inahesabu siku kuanzia usiku wa manane hadi 23:59. Sisi tunaihesabu kuanzia jua linapochomoza. Ile 2:00 ilinishtua, nikaigeuza bila kufikiri: saa mbili asubuhi, 08:00. Ile 12:00 haikunishtua, kwa sababu 12 ipo pande zote mbili. Nikaandika 12:00. Dokta alikusudia saa kumi na mbili jioni. Mfumo ulielewa saa sita mchana.

Darasa lilikuwa na wanafunzi 63. Mlango ulipofungwa, 24 walikuwa wamemaliza. Wengine walikuwa kwenye vipindi vingine, wengine wakisubiri jioni wapate bando la bei nafuu au intaneti ya maktaba watu wakipungua. Mmoja alianza saa sita kasoro dakika kumi. Saa ilipotimia mfumo ulimnyang'anya karatasi, ukasahihisha maswali manne aliyokuwa amejibu, na kumpa alama zake. Waliobaki, sifuri. Jaribio lilikuwa na alama 10 katika zile 40 zinazokusanywa kabla ya mtihani wa mwisho, na kwa mtu anayetembea ukingoni, alama 10 ndizo tofauti ya kufaulu na kurudi kufanya sapu.

Jumatatu nilikuwa mle darasani nikizungusha karatasi ya mahudhurio. Kiongozi wa darasa alisimama, akaeleza kwa adabu kubwa. Dokta akamsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Mfumo ulifunga."

Basi. Wanafunzi walinung'unika kidogo kisha wakanyamaza, maana mfumo haukatiwi rufaa. Benki mfumo uko chini, hospitali mfumo haujasoma namba yako, kwenye mkopo mfumo umekukataa. Tumezoea. Nami nilisimama safu ya nyuma na karatasi ya mahudhurio mkononi, nikijua kwamba mfumo una jina, una miaka 26, na umevaa raba nyeupe.

Usiku ule nilijitetea sana. Utetezi wangu bora ulikuwa huu: zamani mhadhiri alimpa mpiga chapa mtihani aliouandika kwa mkono, akaupiga kwenye stensili, na hakuna aliyesema mhadhiri amedanganya. Dokta hatengenezi gari lake, wala hashoni suti zake. Kwa nini aadhibiwe kujifunza Moodle wakati amebakiza miaka michache kustaafu? Watu kugawana kazi si dhambi. Na bado naamini hoja hiyo ina nguvu. Kama cheti kingesema "Dokta ana msaidizi anayejua," nisingekuwa na la kusema.

Lakini mpiga chapa hakuamua chochote. Alinakili. Mimi, nilipokuwa nikijaza visanduku vile, nilikuwa naamua. Mwanafunzi ajaribu mara ngapi? Nikaweka moja. Muda ukiisha kabla hajamaliza, alichojibu kikusanywe au kitupwe? Nikaacha palivyokuwa. Akimaliza aone majibu sahihi, au alama tu? Alama tu, ili asiwavujishie wenzake. Hivi ni visanduku vidogo, na kila kimoja ni swali ambalo Dokta angelijadili kwa kipindi kizima kama lingekuja limevaa nguo nyingine: huruma kwa aliyechelewa, haki kati ya mwenye bando na asiye nalo, kumwamini mwanafunzi au kumshuku. Mwalimu kwenye chumba cha mtihani huyajibu kila siku kwa macho yake. Anamwona binti anahema mlangoni, anaangalia saa, anasema, "Ingia, haraka." Dokta ni mtu wa "ingia, haraka." Nimemwona akiwaambia hivyo watu waliochelewa nusu saa. Kwenye mfumo hakuna mtu aliyewaambia hivyo, kwa sababu aliyekuwa mlangoni ni mimi, na sikujua kwamba niko mlangoni.

Hilo warsha haikuligusa kabisa. Siku 3 tulifundisha pa kubofya. Hatukusema hata mara moja kwamba kubofya ni kufundisha, na kwamba anayekubofyea anakufundishia wanafunzi wako. Labda tungesema hivyo, mikono ingeinuka kwa namna nyingine. Labda isingeinuka tofauti, maana posho ingebaki ile ile.

Nilimwendea Alhamisi. Ofisi yake iko ghorofa ya pili, ina mafaili hadi dirishani na feni inayozunguka kwa kusitasita.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nikamweleza. Saa 12, saa 18:00, yote. Nilipofika kwenye yale maswali 20 ya Morogoro na yale matatu niliyokosea kwa makusudi, alicheka kidogo, bila furaha.

"Hayo matatu," akasema, "ulinidharau kwa kipimo."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja tayari kusikia kwamba nimekosea saa. Sikuwa tayari kusikia kwamba ule usitiri wote ulikuwa njia ya kusema kwa sauti ya chini: huyu mzee hawezi. Kumbe hata mtoto anayemkimbilia bibi amshike mkono kuvuka barabara, wakati bibi anavuka barabara hiyo tangu haina lami, anaweza kuwa anamheshimu na kumfuta kwa pamoja. Ingawa, niseme ukweli, bibi huyu ndiye aliyeunyoosha mkono. Nilitaka kumwambia hivyo Dokta. Sikumwambia. Adabu tena.

Akanyamaza muda. Halafu akaniuliza, "Nilipowaambia mfumo ulifunga, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na mimi nilijua si mfumo. Nilidhani nimekosea kuandika. Kwa hiyo tulikuwa wawili."

Jumatatu iliyofuata alisimama mbele ya wanafunzi 63, akasema saa ziliandikwa vibaya, kosa ni la kwake, na jaribio litarudiwa. Mimi hakunitaja. Hilo nalo halijanikaa vizuri. Mwanafunzi anayenisalimia kwenye korido mpaka leo hajui, na kuna siku nadhani ningepaswa kusimama kule nyuma niseme mwenyewe, na siku nyingine nadhani ningekuwa natafuta tu kusamehewa hadharani. Wale 24 waliomaliza kwa wakati walilalamika kwamba wenzao wamepewa wiki nzima ya kusoma. Walikuwa na haki. Akawaruhusu nao kurudia wakitaka, alama iliyo kubwa ndiyo ihesabiwe. Wengi walirudia.

Alhamisi hiyo hiyo alinifuata maabara. Alikuja na laptopu kwenye mfuko wa kitenge, akavuta kiti, akasema, "Kaa hapa. Usiguse."

Nilikalia mikono yangu. Sisemi kwa mfano. Niliiweka chini ya mapaja, kwa sababu nilijijua. Alikosea nenosiri mara mbili, kwa kuwa nilikuwa nimelibadilisha Morogoro bila kumwambia. Alifungua ukurasa wa somo la mtu mwingine. Alifuta swali la saba akalia "Aa!" kama aliyemwaga chai, akaliandika tena lote kwa kidole kimoja. Nilipokuwa kimya sana alinigeukia kwa hasira: "Sasa wewe unanitazama tu?" Nikamwambia, "Ndiyo, Dokta." Feni, kibodi, mtu akikohoa mstari wa nyuma. Kwenye idadi ya majaribio alisimama, akafikiri, akaweka mbili. Kwenye majibu sahihi akaruhusu waone, ila baada ya siku ya mwisho kupita.

Ilikuwa imepita saa moja na dakika kumi alipofika kwenye muda wa kufunga. Kisanduku cha saa kilikuwa wazi, namba zimeshuka kutoka 00 hadi 23. Akasogeza uso karibu na kioo, kidole kikiwa hewani.

"Huyu," akaniuliza, "anataka saa ya nani?"